Mjomba wa mwanangu anasema mtoto kapona, mie naambiwa nimpeleke kwenye mionzi, nifanyeje?

Habari zenu ndugu zangu, mie ni mama wa watoto wawili niko Tandahimba huku Mtwara, naombeni mnisome mpaka mwisho maana sina pa kulisemea hili.

Mwanangu wa kiume ana miaka 7. Mwezi wa tisa jicho lake la kushoto likaanza kuvutika kwa ndani, nikajua makengeza tu, akawa anaangalia tivii kakilaza kichwa upande maana akikaa sawa eti anaona watu wawiliwawili. Haijapita wiki mbili anayumba, ndala inamvuka mguuni hana habari, akinywa uji unamtoka upande mmoja wa mdomo unatiririka mpaka kwenye shati. Tulikoenda kwanza wakatupa dawa ya minyoo, kwingine wakatuandikia miwani, majirani wakasema kapigwa na upepo. Daktari mmoja kijana ndo alimwambia afuate kidole kwa macho, halafu atembee kwenye mstari wa vigae, akanyamaza, akaandika rufaa ya Dar siku ileile.

Kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ya ubongo, kikaonyesha uvimbe kwenye shina la ubongo, sehemu wanayoita ponsi. Hapo ndo kuna mishipa ya fahamu ya jicho na uso, na njia zote za kutembea zinapita hapohapo. Nikaomba wamfanyie operesheni. Daktari akanieleza taratibu kwamba ipo aina inayokaa kama donge na kukua polepole, hiyo wengine wanatolewa, ila wa mwanangu umejichanganya na ubongo wenyewe. Nikaelewa ni kama unga ulioloana, utatoaje maji uache unga? Tiba iliyopo ni mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar, mara 30, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki 6. Na hawakunificha, wakasema mionzi inaupunguza mtoto anapata miezi ya nafuu halafu unarudi, wengi hawafikishi miaka miwili. Nililia kwenye ngazi za hospitali mpaka mlinzi akaniletea maji.

Sasa ndo shida ilipo. Tulirudi nyumbani kutafuta hela huku tunasubiri tarehe, akapewa vidonge vya dexa. Jamani mtoto kachangamka! Uji haumtoki tena, anakimbiza kuku, anakula ming'oko sahani nzima na kudai nyingine, uso umekuwa mviringo. Kaka yangu mkubwa, na mnajua huku kwetu mjomba ndo mwenye neno kwa mtoto, anasema kapona, unamrudisha Dar wakamchome moto wa nini, na hela ya korosho iliyoingia juzi anayo yeye. Mie nilishaambiwa dexa inashusha maji na uvimbe wa pembeni tu, lile lenyewe liko palepale, na hiyo njaa na uso kujaa ni dawa, sio afya. Nimemweleza kaka, ananijibu macho yake yanaona. Baba yake mtoto anataka twende ila hawezi kubishana na shemeji yake.

Na kweli kuna usiku namuelewa kaka. Kama ni miezi tu, wiki 6 azimalize kwenye foleni za Dar wakati angekuwa hapa na bibi yake na wenzie?

Naomba waliouguza mtoto wa hivi waniambie, baada ya mionzi alipata siku nzuri za kucheza na kula mwenyewe, au nafuu yote iliishia hospitali? Mlikaa wapi Dar hizo wiki zote? Mjomba mlimpatiaje, maana nafikiria daktari aongee naye kwa simu. Na jana kaniuliza, mama nikitoka Dar jicho litakaa sawa kama la dada? Nikamwambia kalale. Mtoto wa miaka 7 mnamjibu nini?

Tarehe yetu ni Jumatatu ijayo, tiketi za basi la Jumamosi sijakata.