Kalamu Iliyoajiriwa

Dada yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata, nikaisoma kwanza nikiwa nimesimama mlangoni, kisha tena nikiwa nimejifungia chumbani. Sisi huku hatujambo. Watoto wanavikimbia viatu vyao kwa kukua, shemeji yako mzima ingawa sauti imemkauka tangu semina ya vijana, na mimi naendelea. Umeuliza jambo ambalo wengine wamekuwa wakilizungukazunguka tu: ni kweli nimerudi kuandika mambo yangu mwenyewe, na kama ni kweli, muda nautoa wapi? Ni kweli nimerudi. Muda nitakueleza, ila ngoja kwanza nikwambie huo uandishi ulikuwa umekwenda wapi, maana watu wanadhani niliacha.

Sikuacha. Kalamu iliajiriwa. Tangu shemeji yako awekewe mikono, sikumbuki juma lililopita bila mimi kuandika kitu: matangazo ya Jumapili, risala ya kumkaribisha mgeni, risala ya kumuaga mgeni yuleyule, wasifu wa marehemu ambaye watoto wake hawakubaliani alizaliwa lini, taarifa ya idara ya wanawake, masomo ya shule ya Jumapili, barua ya kuazima viti, barua ya kushukuru kwa viti. Ukiwa mama mchungaji na ikajulikana kwamba unaweza kupanga sentensi, umekwisha. Wala sisemi kazi hiyo ni duni. Wasifu wa marehemu ukiandikwa kwa haki unaweza kuwanyamazisha ndugu waliokuja na ugomvi wao msibani. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Ila katika karatasi zote hizo hakuna mahali pa kusema "mimi". Kuna "sisi", kuna "wapendwa", kuna "kanisa linatoa shukrani za dhati". Ikafika mahali hata mawazo yangu yakawa yanakuja kwa mtindo wa matangazo. Siku moja nilikuwa nawaza tu moyoni jinsi nilivyochoka, na sentensi iliyonijia ikaanza na "Tunapenda kuwataarifu". Cheka tu, na mimi nilicheka, baadaye.

Kilichonirudisha ni joho la Paulo. Unaijua sura ya 4 ya waraka wa pili kwa Timotheo. Mstari wa 7 tumeusikia kwenye mazishi mengi: vita amevipiga, mwendo ameumaliza, imani ameilinda. Sasa shuka mistari sita tu. Mzee huyohuyo, kifungoni, anamwambia Timotheo kwamba akija amletee lile joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Halafu mstari wa 21 anamsihi ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Kumbe mtu aliyemaliza mwendo anasikia baridi! Na analisema hilo katika barua ileile, bila kuomba radhi na bila kulipa joho maana ya kiroho. Sijawahi kumsikia mhubiri akisimama na mstari wa 13, na shemeji yako nimemuuliza, naye hajawahi. Mimi ninachotaka kuandika ni huo. Mstari wa 7 unaandikwa vya kutosha nyumbani kwetu.

Najua utasema Paulo hakuwa na mke wala watoto wa kumvuta nguo, tena alikuwa na watu wa kumwandikia. Kweli. Ule waraka kwa Warumi ulishikiwa kalamu na Tertio, naye kwenye sura ya 16 akapenyeza salamu zake mwenyewe, jambo ambalo nalipenda sana. Mwandishi wangu mimi anasoma darasa la kwanza na anadai kalamu yake irudishwe.

Wapo walioniambia mshika mbili moja humponyoka. Nawaheshimu, ila mwenye methali hiyo labda alikuwa na uchaguzi. Mimi ninashika ya nyumbani, ya kanisani na hii ya tatu, na mbili za kwanza siwezi kuziweka chini hata kwa saa moja bila mtu kuziokota na kunirudishia mkononi. Kwa hiyo swali langu halikuwa niache ipi. Lilikuwa: ni nini nimekishika ambacho si changu?

Hapo ndipo Yethro alinisaidia. Kutoka 18 unaikumbuka, kila semina ya viongozi lazima ifike hapo: Musa anachoka kuamua mashauri tangu asubuhi hata jioni, mkwewe anamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, mzigo unagawanywa, amina. Lakini semina huanzia katikati ya sura. Rudi juu. Yethro hakuja kufundisha uongozi. Alikuja kumletea Musa mkewe, Sipora, na watoto wao wawili, Gershomu na Eliezeri, kwa kuwa Musa alikuwa amewarudisha kwao. Haya, wanafika. Musa anatoka kumlaki mkwewe, anainama, anambusu, wanajuliana hali, wanaingia hemani, wanasimuliana makuu ya Bwana, wanakula. Sipora haandikiwi hata neno moja. Watoto vilevile. Na kesho yake, kesho yake tu, Musa ameketi kuamua watu na foleni imejaa mpaka jioni.

Andiko halisemi kwamba jambo hilo ndilo lililomuuma Yethro, nami silazimishi. Lakini mimi ni mke wa mchungaji, na nikisoma pale ninamwona mzee aliyemsafirisha binti yake nyikani pamoja na wajukuu, amesimama pembeni anaitazama foleni ile, anahesabu. Ndipo anauliza: ni jambo gani hili unalowatendea watu, mbona unaketi peke yako? Tunalichukua swali hilo kama elimu ya utawala. Mimi nalisikia kama sauti ya baba mkwe.

Nilimsomea shemeji yako sura nzima usiku mmoja, kuanzia mstari wa kwanza, bila maelezo. Hakujibu kitu. Ila Jumatatu iliyofuata simu yake ilishinda ndani ya droo mpaka jioni, na alipoulizwa kanisani alisema Jumatatu ana kikao. Watoto walipata taabu kuzoea. Mdogo aliuliza kama baba anaumwa.

Na mimi nikagawa. Ukatibu wa idara nimeukabidhi kwa dada mmoja mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, ambaye kumbe alikuwa akisubiri kuombwa. Risala nimemwachia kijana wa kwaya anayependa maneno makubwa. Wageni wetu sasa wanakaribishwa kwa vishindo. Yalikuwepo manung'uniko kidogo, kwa sababu ukiwa mama mchungaji kila kiti kisicho na mtu huhesabiwa kuwa chako, na ukikataa kukikalia watu wanakiangalia kile kiti kisha wanakuangalia wewe. Nimejifunza kuangalia ukutani. Shule ya Jumapili sikuiachia mtu. Ile naipenda.

Sasa huo muda. Nilishauriwa na watu wema niamke alfajiri. Nimekataa. Alfajiri ni ya maombi, na nikianza kuandika saa hiyo nitakuwa namtungia Mungu sentensi nzuri, ambazo yeye hazihitaji. Usiku nao nimeshindwa, kwa kuwa usiku ninaandika kwa hasira na asubuhi naona haya. Nilichopata ni vipande. Nikisubiri watoto watoke mazoezini, ninaandika. Kikao kikichelewa kuanza (na lini kimewahi kuanza kwa wakati?), ninaandika. Sentensi nyingine naziweka kwenye simu zikiwa hazina kichwa wala miguu, na siku shemeji yako anapowachukua watoto wote watoke nje, nakaa nazo nizishone. Zamani nilikuwa nangoja siku nzima iliyo tupu. Nimeacha kuingoja. Hata Bwana mwenyewe, pale Marko 6, aliwaambia wanafunzi waende faraghani wakapumzike kidogo, kwa kuwa hawakuwa wanapata hata nafasi ya kula, na walipofika kule kwa mashua wakakuta umati umewatangulia kwa miguu. Kama mapumziko yaliyoitishwa na yeye yaliingiliwa hivyo, yangu ni nani ayalinde?

Lakini nikwambie ukweli, muda si jambo gumu kuliko yote. Gumu ni nini cha kuandika wakati maisha yako karibu yote ni ya watu wengine.

Watu wanakuja kwetu na mambo yao. Wanakaa pale kwenye kochi, wanalia, wanasema, wanakwenda. Hayo hayaandikwi. Zamani nilisoma mahali ushauri kwamba ubadilishe jina na mji, basi. Ushauri huo alitoa mtu asiyeishi na usharika. Wewe sema tu "mama mmoja mwenye mabinti watatu" uone kama Jumapili mstari wa nne hautageuka kumtazama. Na hata kama hakuna atakayetambua, yeye mwenyewe atajitambua, na hatarudi tena kukaa kwenye kochi. Kwa hiyo nimefunga mlango huo kabisa, pamoja na visa ambavyo, Mungu anisamehe, ni vitamu mno kusimulia.

Kisha watoto. Mtoto wa mchungaji tayari anatazamwa akila, akicheza, akisinzia wakati wa mahubiri. Tayari amekuwa mfano madhabahuni bila ridhaa yake. Shemeji yako alikuwa na kile kisa cha binti yetu na sadaka, unakikumbuka, alikihubiri mpaka mtoto akawa anaogopa kupita na bahasha. Sasa mimi nije nimwongezee karatasi? Tumekubaliana hivi: ninachoandika kinachomhusu, anasomewa kwanza, na akisema hapana ni hapana, bila mjadala na bila mama kununa. Huyu mkubwa ana jicho kali. Alinikatalia ukurasa mzima kuhusu siku yake ya kwanza shule mpya. Nilidhani ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Aliusikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Ni nzuri, mama, lakini ni yangu." Ukurasa uko kwenye daftari, na daftari limefungwa.

Utashangaa basi kimebaki nini. Kimebaki kingi, dada. Nimebaki mimi. Uchovu wangu, ambao sikuwa nimeuruhusu kuwa na jina. Jinsi ninavyoogopa mlango ukigongwa saa ya chakula, na jinsi ninavyoona vibaya kwa kuogopa. Mama yangu, ambaye alikuwa akiimba sauti ya pili hata akiwa peke yake jikoni, na nimekuwa mtu mzima kabla ya kujiuliza ya kwanza alikuwa akiisikia wapi. Furaha ya kanisa likiwa tupu Jumamosi, viti vimepangwa, hakuna anayekuuliza kitu. Maombi ambayo niliyaomba miaka mingi na sijui kama nimejibiwa au nimezoea. Hilo la mwisho nimelianza mara nyingi na kuliacha, kwa sababu mkono unakimbilia kulimalizia na ushuhuda, na ushuhuda sina bado.

Huo mkono ndio adui. Shemeji yako ndiye msomaji wangu wa kwanza, na usidhani anakagua mafundisho. Kazi niliyompa ni moja: aweke alama pale nilipoanza kuhubiri. Juzi alinirudishia karatasi ina alama moja tu, aya ya mwisho yote, na pembeni ameandika, "Hapa ulitaka tusimame tuombe." Nikaifuta. Bila hiyo aya kitu chenyewe kilibaki kimening'inia, na bado kinaning'inia, na nimekiacha hivyo. Kwake yeye ni rahisi kuona. Ndiyo kazi yake siku sita kwa juma, kutafuta mahali pa kutua.

Nataka na wewe uwe msomaji, ndiyo sababu hasa ya barua hii kuwa ndefu. Wewe ulinijua kabla sijawa mama wa yeyote wala wa kanisa, nilipokuwa naandika juu ya mvua na wivu, na unakumbuka nilivyokuwa nasikika. Ukiona "wapendwa" imejipenyeza, kata. Ukiona nimekuwa mwema kupita kiasi, niambie pia. Usinisifie ili kunitia moyo. Wa kunitia moyo nina kanisa zima, na Mungu awabariki, wananisifia hata matangazo.

Msalimie shemeji na watoto. Mwambie yule wa mwisho kwamba barua yake ya michoro imebandikwa ukutani, na kwamba nimeelewa ni farasi.

Pamoja na barua hii nakutumia kile kipande cha kusuka nywele usiku wa kuamkia Jumapili. Binti amekipitisha, isipokuwa sentensi ya pili, ambayo nimeiondoa. Mkionana usimuulize ilisema nini.

Ni mimi,
rafiki yako wa siku zote