Mwanamume mwenye kiwewe naye aulizwe

Kwa Mhariri,

Kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya mkasa, kikitajwa, wengi wetu humfikiria mwanamke anayelia. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru, na tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 nimewahudumia wengi wasiofanana na picha hiyo.

Mke huja mwenyewe. Kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, usingizi haupati. Mara nyingi hurudi nyumbani na vidonge vya maumivu tu, lakini angalau amesikilizwa. Mumewe huletwa. Huletwa na polisi baada ya kupigana, au na nduguye akiwa amelewa chakari, nasi tunaandika kwenye faili, "Mlevi." Mmoja wao nilimuuliza kama huota yaliyompata. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nifunge mlango.

Sipingi kwamba wanawake ndio wanaougua zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1995 ulikuta asilimia 10.4 ya wanawake wamewahi kuugua ugonjwa wa kiwewe, na wanaume asilimia 5, ingawa wanaume ndio waliopitia mikasa zaidi. Aina ya mkasa inachangia: ubakaji huwapata wanawake zaidi, na huacha kiwewe zaidi kuliko ajali au moto. Ila katika utafiti huo huo, kati ya waliosema ubakaji ndio mkasa uliowaumiza kuliko yote, wanaume asilimia 65 waliugua, wanawake asilimia 46. Takwimu hiyo hainitoki akilini. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilirekodi kwamba wanaume pia walidhulumiwa kingono katika ghasia zile, wengine wakitahiriwa kwa nguvu. Mwanamume wa namna hiyo atamwambia nani, kwenye foleni iliyojaa majirani?

Si kila mlevi ana kiwewe, najua. Lakini hatuwezi kujua bila kuuliza. Naomba wakuu wa afya wa kaunti waagize kwamba kila anayeletwa kwa ulevi au ugomvi aulizwe faraghani kuhusu jinamizi, kushtukashtuka, na mahali anapokwepa kupita. Na mama anayerudi mara ya nne na kichwa kile kile asiongezewe vidonge kabla ya kuulizwa kilichompata, iwe ni wakati wa ghasia au humo nyumbani mwake.

Muuguzi,
Nakuru