Barua ya wazi kwa Mjomba: kijiji cha Il Postino kimegawanyika visiwa viwili

Mjomba, shikamoo.

Umeuliza upande boti gani ukifika Napoli ili uone kijiji chote cha Il Postino, ile filamu ya Kiitalia ya tarishi na mshairi, kwa siku moja. Kijiji hicho hakipo, Mjomba. Kiliungwa kwenye meza ya kuhariri filamu, nusu kisiwa hiki na nusu kile. Mario, yule tarishi, akiwa kwenye kilabu cha pombe cha mpenzi wake Beatrice, yuko Procida, kisiwa kidogo mlangoni mwa Napoli. Akipanda baiskeli kumpelekea barua mshairi wa Chile, Pablo Neruda, yuko Salina, katika visiwa vya Eolie kaskazini mwa Sicilia. Kati ya hapo na hapo ni takriban kilomita 250. Ndiyo maana watu hufika Procida, wakazunguka mchana kutwa wakiitafuta nyumba ya mshairi, wakarudi wakiamini imevunjwa.

Wengine hupotea zaidi wakaenda Capri, kwa kuwa wamesoma kwamba Neruda mwenyewe aliishi huko mwaka 1952 akiwa uhamishoni. Aliishi kweli, lakini ukienda Capri utakuwa unafuata maisha ya Neruda, si filamu. Riwaya ya Antonio Skármeta iliyozaa filamu hii haikuwa hata ya Italia: mambo yake yanatokea Isla Negra, Chile.

Tenga usiku 1 Procida na usiku 2 Salina, ukiacha siku za njiani. Ukipungukiwa na muda au fedha, chukua Procida peke yake na Salina uiache kwa safari nyingine. Kuzibana zote mbili kwa siku mbili ni kulipia nauli ili uone gati.

Viza yako ni ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, yasipungue siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie kinga ya euro 30,000. Kwenye ratiba unayowasilisha andika majina ya visiwa na nyumba za wageni ulizoweka, kwa sababu "kutembelea Italia" tu humfanya afisa aulize maswali.

Sasa Procida. Kisiwa hakizidi kilomita za mraba 4 na ushei, kwa hiyo gari halina kazi. Na magari ya wageni huwekewa vizuizi majira ya joto. Kosa la kwanza hutokea Napoli kwenyewe: boti za mwendo kasi huondokea Molo Beverello, ila vivuko vikubwa vya magari huondokea Calata Porta di Massa, na kutoka gati moja hadi nyingine ni mwendo wa miguu wa robo saa hivi ukiwa na begi. Soma jina la gati kwenye tiketi kabla hujatoka hotelini. Boti huchukua kama dakika 40, kivuko kama saa moja. Kwa magoti yako ningechagua kivuko: hakirushwirushwi na mawimbi, na unaweza kukaa juu ukaangalia.

Wapo watakaokuambia upitie Pozzuoli, mji wa bandari jirani na Napoli, kwa kuwa ni karibu na nauli ni nafuu. Wanasema kweli, ila ardhi ya Pozzuoli imekuwa ikipanda kwa miaka kadhaa sasa kwa sababu ya volkeno ya Campi Flegrei iliyo chini yake. Bandari imepungua kina, na tetemeko lenye nguvu kidogo likitokea treni huweza kusimamishwa ili reli ikaguliwe. Ukipita huko, panda treni ya Cumana kutoka stesheni ya Montesanto, Napoli, kwa kuwa kituo chake cha Pozzuoli kiko karibu na bandari. Stesheni ya metro namba 2 iko juu mlimani, na kuteremka na mizigo kutoka kule si raha.

Boti itakushusha Marina Grande. Usidanganyike na nyumba za rangirangi utakazoziona hapo ukadhani umefika: mtaa wa filamu, Marina Corricella, uko upande wa pili wa kisiwa. Panda taratibu hadi Piazza dei Martiri, penye kanisa lenye kuba la manjano. Kwa mtu asiye na haraka ni kama dakika 20. Kabla ya kuteremka Corricella, endelea kupanda kuelekea Terra Murata hadi kwenye ukingo wenye mizinga miwili ya zamani. Kutoka hapo utaiona Corricella nzima chini yako. Fika asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako na kuta zote zikiwa na mwanga. Jioni jua linakuwa mbele yako, na picha zinatoka nyeusi upande wa nyumba. Ukiwa na pumzi iliyobaki, juu zaidi kuna Palazzo d'Avalos, jumba la kifalme lililogeuzwa gereza na kufungwa mwaka 1988.

Corricella haifikiwi na gari, ni ngazi au mashua. Vidato ni vya mawe, havilingani urefu, na vikilowa huteleza. Ngazi zenyewe ni kadhaa, nyingine zimesimama wima na nyingine zimelala, kwa hiyo muulize mwenyeji ile ya polepole. Kushuka ndiko kunakouma magoti kuliko kupanda, nawe unajua. Ukishafika chini ni tambarare: nyavu, mashua, paka, na mkahawa uliokuwa kilabu cha Beatrice, ambao siku hizi unajitangaza kwa jina la filamu na kubandika picha zake. Kaa, kunywa kahawa, lakini usitegemee mahali palandane na unachokikumbuka. Filamu ilipigwa mwaka 1994 ikiigiza miaka ya hamsini, na rangi za leo ni changamfu kuliko zile. Ukitaka kulinganisha, weka picha za filamu kwenye simu kabla ya safari, kisha tafuta vitu viwili visivyohama, kwa mfano pembe ya ngazi na tao la mlango, usogee mpaka vikae sawa. Lenzi pana ya simu hufanya kila kitu kionekane kiko mbali, kwa hiyo vuta mara 2 kisha urudi nyuma hatua chache.

Mchana nenda Pozzo Vecchio, ufukwe walipopigwa filamu Mario na Beatrice. Mchanga wake ni mweusi wa volkeno, na njia ya kuteremkia iko karibu na makaburi ya kisiwa, kwa hiyo ukiona ukuta wa makaburi usigeuke nyuma ukidhani umepotea. Unatazama magharibi, kwa hiyo mwanga wake ni wa alasiri. Mchanga huo unaunguza nyayo kiangazi, vaa kandambili. Basi dogo la kisiwa hufika jirani. Nunua tiketi mapema dukani.

Kutoka hapa hadi Salina ndipo safari nyingi huharibika. Kuna njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni meli ya usiku kutoka Napoli: huondoka jioni, hupita kisiwa cha Stromboli kunapokucha, kisha hufika Salina asubuhi bila wewe kubadilisha chombo. Kwa kawaida huenda mara 2 tu kwa wiki, na siku hubadilika kwa msimu. Chukua kitanda, kiti cha kulalia huonekana nafuu mpaka saa nane za usiku. Ya pili ni treni hadi Milazzo, Sicilia. Mabehewa yenyewe hupakiwa melini kwenye bandari ya Villa San Giovanni na kuvushwa mlango wa bahari wa Messina, nawe unaweza kutoka behewani ukapanda juu kuangalia. Tatizo ni kwamba stesheni ya Milazzo iko kilomita kadhaa kutoka bandarini, na treni ikichelewa boti ya mwisho haikusubiri. Ukichukua treni, lala Milazzo.

Boti kutoka Milazzo hadi Salina hupitia visiwa vya Vulcano na Lipari, na huchukua saa moja na nusu au zaidi kidogo. Bahari ikichafuka hizi ndizo za kwanza kufutwa, wakati meli kubwa huendelea muda mrefu zaidi. Salina ina bandari mbili, Santa Marina upande wa mashariki na Rinella upande wa kusini. Upepo ukibadilika chombo kinaweza kutua bandari usiyoitarajia, kwa hiyo uwe na namba ya simu ya mwenye nyumba ya wageni. Kwa ajili hiyo pia, usipange ndege ya kurudi siku ileile unayotoka kisiwani.

Mahali pa filamu ni Pollara, kitongoji cha Malfa kilichokaa ndani ya nusu ya shimo la volkeno. Nusu nyingine imeliwa na bahari. Barabara inapanda kutoka Malfa kisha inateremka kwa kona kali, na ndiyo ile ya baiskeli. Massimo Troisi, aliyeigiza Mario, hakuiendesha yote. Alikuwa mgonjwa wa moyo, akaahirisha upasuaji ili amalize kazi, na kwenye picha zilizopigwa kwa mbali akatumiwa mtu wa kufanana naye. Alifariki tarehe 4 Juni 1994, siku moja baada ya kumaliza, akiwa na miaka 41. Kwa hiyo usione haya kupanda basi au kukodi baiskeli ya umeme. Mabasi yapo lakini ni machache, na ratiba ya kiangazi si ya masika. Piga picha ya ratiba iliyobandikwa kituoni, hasa saa ya gari la mwisho kutoka Pollara.

Nyumba ya mshairi ipo, hapo hapo Pollara. Ni mali ya mtu binafsi na si makumbusho, hivyo usitegemee kuingia ndani. Wanaogonga lango wakitaka kuona kibaraza wamewachosha wenyeji.

Ufukwe wa Pollara, walipozungumza Troisi na Philippe Noiret, aliyeigiza mshairi, umepungua sana. Bahari inaula, na ukuta wa mwamba ulio nyuma yake ni laini, huangusha mawe, ndiyo maana njia ya kushukia hufungwa mara kwa mara. Kamba au bango la katazo ukilikuta, litii hata kama vijana wanaliruka. Badala yake shuka upande wa pili, Balate, penye mapango ya mashua yaliyochongwa mwambani na wavuvi, ukaangalie kutoka hapo. Au panda mashua ya kuzunguka kisiwa: hupita mbele ya ufukwe na chini ya tao la mwamba liitwalo Perciato, bila kidato hata kimoja. Kwako wewe naona hii ndiyo bora. Chagua ya alasiri, kwani asubuhi ukuta wa mwamba huifunika Pollara kwa kivuli.

Msimu mzuri ni katikati ya Mei hadi katikati ya Juni. Filamu ilianza kupigwa masika, na majani unayoyaona pale hayapo Agosti, kisiwa kinapokuwa kimekauka na vitanda vimejaa. Septemba bahari ni ya joto zaidi, ila mlima ni wa kahawia. Novemba hadi Machi nyumba nyingi za wageni na mikahawa ya Salina hufungwa.

Usilipie chochote kabla hujanitumia tarehe zako, hata hoteli ya Napoli. Nitazilinganisha kwanza na siku za meli ya usiku, maana hizo ndizo zitakazoamua nyingine zote.

Mpwa wako