Risala ya Kikundi cha Kemia kwa Mgeni Rasmi: Polima Zinazopitisha Umeme

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha kwenye maonyesho yetu. Utando mweusi ulio mezani ni polipairoli, plastiki inayopitisha umeme. Ni polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana, na molekuli hizo huitwa pairoli. Mlango wa taaluma hii ulifunguliwa mwaka 1977, pale wanasayansi Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walipoonyesha kuwa mvuke wa iodini huifanya polima iitwayo poliasetilini ipitishe umeme mara nyingi zaidi. Mwaka 2000 walitunukiwa Nobel ya Kemia.

Mheshimiwa, utando huu huundwa kwa mwanga. Pairoli, ambayo ni kimiminika, hukenekwa kwanza (huvukizwa na kupozwa ili isafike), maana iliyogeuka kahawia imekwisha kuanza kuungana ovyo chupani. Mole 8 za pairoli huchanganywa na mole 1 ya naitreti ya fedha, mchanganyiko hupakwa kwenye kioo, kisha humulikwa kwa miali ya urujuanimno. Ayoni za fedha hunyakua elektroni, na pairoli zilizopokonywa huungana kuwa mnyororo. Tabaka liwe jembamba: polima ikishakuwa nyeusi hufyonza mwanga wote juu, chini kukabaki kubichi.

Mnyororo peke yake hautoshi. Sharti upokonywe elektroni zaidi ya zile za kuunga, takribani 1 kwa kila pairoli 3 au 4, na kila pengo chanya lipate ayoni hasi ya kulituliza. Hiyo ndiyo dopanti. Naitreti, ayoni hasi ya naitreti ya fedha, huweza kazi hiyo, ila ni ndogo na huchomoka kirahisi. Tunapendekeza asidi ya toluinisulfoniki, yenye ayoni kubwa zaidi, iongezwe kabla ya kumulika. Kioksidishaji, yaani kinachonyakua elektroni, kikizidi, oksijeni hujipachika kwenye mnyororo na njia ya umeme hukatika.

Tahadhari kubwa ni madini ya fedha yanayobaki ndani ya utando, kwani nayo hupitisha umeme. Chovya utando katika hidroksidi ya sodiamu hafifu: ukinzani ukipanda sana, umeme ulikuwa wa polima, usipobadilika, ni wa fedha.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. La kwanza ni kipimo cha ncha 4, kwa sababu multimita hujumlisha na ukinzani wa pale ncha zinapogusa utando. La pili ni kabati la kufyonza mvuke, kwani pairoli ni sumu ikivutwa.

Tunaomba kuwasilisha.