Barua ya wazi kwa wifi yangu wa Dar: njoo na raba, wigi liache

Wifi,

Uliyasema mbele za watu, na mimi nakujibu mbele za watu. Siku ya kipaimara cha mwanao, sahani ya pilau mkononi, ulinitazama kuanzia nywele mpaka ndala, ukatamka kwa sauti iliyofika mpaka kwenye turubai la wanaume: "Jamani, wifi yangu Dodoma imemfyonza! Huko raha yao ni upepo tu." Watu wakacheka. Kaka yangu, ambaye ndiye mumeo, akacheka kuliko wote. Nami nikacheka, maana kwa wifi hakuna kesi. Ila lile neno nilipanda nalo treni, nikalitafuna kuanzia Pugu mpaka nashuka huku, na kulimeza limenishinda.

Nianze kwa kukiri. Ungelisema hilo mwaka 2017 ningekupigia makofi. Nilipopata barua ya uhamisho nililia, unajua, wewe ndiye uliyenishonea ile dera ya kuagia. Habari ya makao makuu kuhamia Dodoma tulikuwa tunaisikia tangu tuko shule. Uamuzi wenyewe ni wa 1973, nani angedhani siku moja utamfikia mtu kwenye meza yake ya kazi? Ukanifikia. Nikapanga chumba kimoja Chang'ombe (ya huku, usichanganye na yenu), choo cha nje, jioni nakula chipsi mayai nimekaa kitandani kwa sababu kiti sina. Na huo upepo unaousema, wala haukuwa raha. Julai unakuja na vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye kopo la sukari lililofunikwa. Midomo ilinipasuka mpaka nikawa sicheki hovyo.

Sasa ngoja nikupe Jumamosi yangu ya siku hizi, halafu useme tena.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshafunga kamba za raba. Ndiyo, mimi. Yule yule aliyekuwa anachukua bodaboda kutoka kwako mpaka dukani kwa Mpemba. Niko kwenye kikundi cha jogingi hapa Kisasa. Tuna fulana zetu na tuna michango yetu, na yupo mwenye filimbi anayeanzisha nyimbo tukaitikia huku tunakimbia, tunawaamsha waliolala na mbwa wao. Tunashika barabara ya Dar es Salaam kuelekea mjini, tunapita Bungeni wakati taa bado zinawaka, tunageuzia Nyerere Square. Ile Jumamosi ya pili ya mwezi, ambayo Mama Samia aliitangaza kuwa ya mazoezi kitaifa mwishoni mwa 2016 akiwa bado Makamu wa Rais, basi vikundi vinakutana vingi, mji mzima unanuka jasho na dawa ya kuchua.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Nilitoka mbio kama nakimbiza mwizi, maana nilijiona mimi ni mtoto wa Temeke, nitashindwa na nini? Hakuna aliyeniambia kwamba huu mji umekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kufika njiani pumzi ikakata, kifua kinawaka, nikaenda kuinama kwenye mtaro nikatapika chai ya asubuhi. Akanipita mama mmoja wa Kigogo, mtu wa makamo, kajifunga kitenge juu ya bukta, hatua zake fupi fupi kama anatwanga. Akaniamkia "Mbukwa!" bila kusimama. Nilikuwa sijui hata kuitikia. Sasa hivi najua, na nakimbia nyuma yake kila wiki. Kumpita bado.

Huku mbio zimepanda kichwani, Wifi. Mwaka 2025, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, mwezi wa tisa, huku kwetu ilikuwa usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu. Nusu ya kikundi tulikesha kwenye simu. Yeye na Mjerumani aliyeshika nafasi ya pili waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde, kifua kwa kifua. Simbu ni mtoto wa Singida, jirani zetu hapo. Asubuhi ile mtaa mzima kila mtu alikuwa amewahi kusoma naye.

Tukimaliza kukimbia ndipo inapokuja hiyo unayoiita branchi. Nimeziona picha zako za Masaki: kipande cha mkate, parachichi limepakwa kama rangi ya kucha, yai moja juu, na bei ambayo huku unanunua jogoo. Siisemi vibaya, kila mtu na tumbo lake. Yetu ni supu. Saa nne asubuhi, benchi la mbao, chini ya mti, nyuma ya sufuria ambalo limechemka tangu usiku. Ni supu ya mbuzi, na mbuzi wa huku si mbuzi wa kusafirishwa siku mbili kwenye lori, huyu jana alikuwa anakula miti ya miiba hapo Mpunguzi. Unapewa bakuli lenye mfupa unaotokeza nje, chapati mbili za moto zimekunjwa, ndimu nusu, na kisahani cha pilipili mbichi na chumvi. Ukikamua ndimu, mafuta ya juu yanakimbilia pembeni. Usiongee kwanza. Jasho la mbio limeshakauka, jasho la pilipili linaanza, na hapo ndipo habari zote za mji zinapotoka: nani kahamishiwa Mtumba kwenye mji wa Serikali, nani kajenga Iyumbu kabla ya kufuta deni la harusi. Tunaondoka pale saa sita.

Kuna Jumamosi nyingine tunaunganisha na mnada wa Msalato. Huko ni nyama tu, nikikuandikia yote utakula hii simu. Nyama inachomwa imesimama, mbuzi kwenye vijiti virefu vilivyochomekwa ardhini kuuzunguka moto, wala haigusi waya. Unaelekeza kwa kidole unataka upande upi.

Jioni sasa. Najua hapa ndipo ulipokuwa unanisubiri, kwa sababu ulisema huku hakuna viwanja vya starehe. Vipo, Wifi, ila vina majira kama mvua. Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti, kila kiti kina mtu, kila lodge imejaa, bei zinapanda bila kuaga, na mhudumu aliyekuwa anakuita "dada" anaanza kukupita kama nguzo. Bunge likiahirishwa unachagua meza. Mimi napenda huo wakati wa pili. Muziki unapunguzwa mpaka unasikia mtu anavyocheka, jibaridi la Julai linashuka, kila mtu yuko na koti, na mhudumu anauliza swali lake, bia ya moto au ya baridi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimejikuta najibu ya moto. Saa tano watu wanaanza kuaga. Hilo nakubali, huku hakuna kukesha kama kwenu, na nisikudanganye, kuna siku nalikumbuka lile vumbi la Kinondoni saa nane usiku na wewe umevua viatu.

Tena nisijisifu sana, maana kwenye hizo bar nimeshapigwa. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza, sehemu moja siitaji. Tulikuwa watatu, tumekunywa kistaarabu, bili ikaja ina bia nne za ziada. Kuuliza, mhudumu anaapa. Meza safi, chupa zote zimeshaondolewa, tutahesabu nini? Tukalipa za mizimu. Tangu siku hiyo chupa tupu haiondoki mezani kwangu. Mezani kukijaa zinashuka chini, karibu na miguu, na ikija bili nainama nahesabu mbele yake, bila haya.

Ila bia si jambo la huku. Jambo la huku ni zabibu. Wewe unazijua za kwenye pakiti, nyeusi, zimekatwa pua na friji ya supamaketi. Huku zinauzwa barabarani kwa sado, na zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana walizipanda wakiwaza divai ya misa, na angalia ilipofika. Ukienda Hombolo msimu wa mavuno, njia nzima inanukia kama ukoko wa jamu, nyuki wanakufuata mpaka kwenye bajaji. Ukikaa na mkulima hatakusimulia utamu, atakusimulia soko. Zabibu haikusubiri. Ikikosa mnunuzi wiki mbili imekwisha, ndiyo maana siku hizi wengi wanakamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, halafu wanaanza kumtafuta wa kuununua huo mchuzi. Nikiwa bar nikaona mtu wa Dodoma anaagiza waini ya Afrika Kusini huwa najizuia kwa shida.

Ushauri wangu kwako ni mmoja: Dompo, ile divai ya huku, usiinywe kama juisi. Ni tamu, na huo utamu ndio mtego wenyewe. Mimi nilimaliza chupa na jirani yangu tukiwa tunachambua mchele. Kesho yake ni Jumapili, misa ya kwanza, na kila kengele ilikuwa inapigiwa ndani ya kichwa changu.

Jumapili mchana nakaa nyumbani natengeneza ubuyu. Najua utasema ubuyu ni wa pwani. Rangi ni ya pwani. Mibuyu yenyewe imesimama huku, minene kama matangi ya maji, na gunia la ubuyu mweupe linakaa kando ya barabara kama gunia la mkaa. Mimi nanunua sado moja. Mara ya kwanza nilichemsha maji mengi na sukari, nikamwaga ubuyu ndani kwa mbwembwe, nikakoroga. Ule unga wote ukayeyuka ukabaki uji wa waridi na mbegu tupu zinanitazama. Nikaunywa, nifanyeje.

Siri, nimekuja kufundishwa na yule mama wa kitenge, ni subira kwenye shira. Maji kidogo mno, sukari, rangi, chumvi kijiko kidogo, iliki ya kutwanga, pilipili ya unga. Unaacha ichemke mpaka povu kubwa kubwa linakuwa dogo na zito, ukiinua mwiko linavutika uzi. Hapo unapunguza moto, unamimina ubuyu, unageuza haraka kwa miiko miwili kila punje ivae koti lake, kisha unaepua. Kabla haijashikana unanyunyizia unga wa ubuyu kavu na kugeuza tena, mpaka punje zinaanza kugongana kwenye sufuria kama kokoto. Unamwaga kwenye sinia. Mtoto wa jirani anafika kabla haujapoa, sijui nani humpa taarifa. Vidole vyangu vinabaki vyekundu mpaka Jumanne, na pale ofisini Mtumba wameshazoea kuniona nasaini barua kama mtu aliyepiga kura mara kumi.

Sasa, unakuja lini? Kisingizio cha basi, kutwa nzima barabarani na miguu kuvimba, kilikufa 2024 treni ya umeme ilipofika huku. Saa nne hazijatimia umeshafika, na wigi lako halijakaa upande. Panda ya Ijumaa jioni, nitakuwa stesheni. Kaka yangu abaki na watoto, anajua kupika wali, asikudanganye, mama alitufundisha wote. Njoo na raba za kukimbilia na koti la maana, siyo lile la kupigia picha. Niletee nazi nne, huku nazi inauzwa kama dawa.

Na ile achari ya embe uliyosema imeisha, siku ile nilipokuomba kidogo ya kuondoka nayo: chupa niliiona, nyuma ya friji, imefunikwa gazeti. Njoo nayo.

Wifi yako, aliyefyonzwa.