Asante mama wa baraza

Yule mama aliyekaa nyuma kabisa kwenye baraza la chifu, jina sikushika na ulitoka kabla nikufikie, asante sana aki. Sisi tulikuwa tunabishana tu nani awe mwenyekiti wa kamati ya Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama pamoja na polisi, kumbe wewe unayo sheria ya polisi ya Kenya ya 2011 kwa simu, ukatusomea polepole hadi pale pa mamlaka ya polisi ya kaunti inayoongozwa na gavana. Mimi miaka yote nilidhani usalama ni mambo ya OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na chifu peke yao! Na uliposema kamati haina ruhusa ya kuchapa mtu, vijana wetu wa rungu wakaangalia chini hehe. Kamati tunaipanga upya, na akina mama wamo. Ukisoma hii jitokeze, tuko na maswali mengine.