Faili Langu Liko Mezani kwa Nani? Kwa Jiji Linalotafuta Mfumo wa Vibali vya Ujenzi

Mtu aliyeomba kibali cha ujenzi huwa na swali moja, na hulirudia kila anapopiga simu: faili langu liko mezani kwa nani? Mafundi wanamsubiri, riba ya mkopo inahesabiwa, vifaa vimelala kiwanjani. Akijibiwa kwamba ombi lake "linashughulikiwa", anakata simu na wasiwasi uleule aliokuwa nao kabla ya kupiga.

Ofisi yetu ni ndogo. Tunazisaidia halmashauri za majiji kuchagua programu ya kufuatilia vibali mtandaoni, kisha tunabaki nazo mpaka watumishi na wananchi wauzoee mfumo. Hatuuzi programu ya mtu, wala hatupokei kamisheni kwa muuzaji yeyote. Kwa hiyo tunaweza kusema wazi tunachokiamini: mfumo usioweza kumjibu mwombaji swali lile moja usinunuliwe, hata kama yote mengine unayo.

Tuliyafahamu haya masijala. Tuliwahi kuitwa na jiji ambalo tayari lilikuwa na mfumo, tena wa gharama kubwa, lakini malalamiko ya wananchi yalikuwa palepale. Tukaomba tufuatilie ombi moja tu tangu siku lilipopokelewa. Kwenye skrini hali yake ilisomeka "Linashughulikiwa", neno lililokaa pale tangu wiki ya kwanza, na wakati huo tulikuwa wiki ya sita. Afisa aliyekuwa nasi alifungua kurasa zote alizoruhusiwa kuzifungua. Hakukuwa na zaidi.

Tukashuka masijala. Karani alikuwa na daftari nene alilolipigia mistari mwenyewe kwa rula: namba ya faili, tarehe, kiwanja, limekwenda kwa nani, sahihi ya aliyepokea, limerudi lini. Alipitisha kidole kwenye safu ya nne, akasimama. "Hili liko zimamoto. Lilikwenda tarehe tatu, wamelisainia, halijarudi." Tulipofika zimamoto tulilikuta kwenye trei ya afisa aliyekuwa likizo, chini ya mafaili mengine kumi na moja. Hakuna aliyekaimishwa trei ile.

Yule karani alijibu kwa nusu dakika jambo ambalo mfumo mzima haukuweza kulijibu. Tukarudi kusoma hati za zabuni ya mfumo ule ili tuelewe kilichotokea, na jibu lilikuwa kwenye mstari mmoja: "mfumo uonyeshe hali ya ombi." Muuzaji alitekeleza alichoandikiwa. Hakuna aliyemwandikia kwamba hali ya ombi maana yake ni dawati lililolishika, jina la cheo kinachowajibika, siku lilipofika hapo, na siku linapotakiwa kuondoka. Tangu hapo, kila tunapoanza kazi na jiji jipya tunaomba kwanza daftari la masijala, kabla ya kugusa hadidu za rejea.

Saa mbili, siyo moja

Safari ya kibali haitofautiani sana kutoka mji hadi mji. Ombi linapokelewa, linakaguliwa kama nyaraka zimetimia, ramani zinapitiwa na wataalamu wa mipango miji, uhandisi, zimamoto na afya, maoni yanarudi kwa mwombaji, anarekebisha, anawasilisha tena, analipa, anapewa kibali. Kisha kunakuja ukaguzi wa hatua kwa hatua kiwanjani mpaka itoke hati ya kuruhusu jengo litumike. Wauzaji wengi wanazichora hatua hizi vizuri sana. Tatizo linajificha katikati, pale ombi linaporudishwa kwa marekebisho.

Fikiria ramani imerudi kwa msanifu kwa sababu ngazi ya dharura ni nyembamba kuliko kanuni inavyotaka. Msanifu anakaa nayo siku ishirini. Je, siku hizo ni za nani? Mfumo wenye saa moja tu ya kuhesabu siku utaziweka kwa ofisi, na afisa aliyepitia ramani kwa siku mbili ataonekana mzembe. Mfumo mwingine unafuta hesabu yote mwombaji akiwasilisha upya na kuanza siku ya kwanza, na hapo ofisi iliyochelewa miezi mitatu inaonekana safi. Yote mawili ni uongo, na yote mawili tumeyakuta kwenye ripoti zilizokuwa zikisomwa mbele ya madiwani.

Kinachotakiwa ni saa mbili, moja ya ofisi na nyingine ya mwombaji. Faili likiwa ofisini, inatembea ya ofisi. Likirudi kwa mwombaji, ya ofisi inasimama na ya kwake inaanza, naye anapata ujumbe siku hiyohiyo ukimwambia wazi kwamba sasa zamu ni yake. Utashangaa ni waombaji wangapi wanaokaa wiki nzima wakilaumu ofisi huku barua ya marekebisho imelala kwenye barua pepe ya mchoraji wao.

Maoni yenyewe nayo yafungwe kwenye karatasi husika ya mchoro, mahali penyewe palipo na kasoro, na toleo la pili likija mkaguzi aone kilichobadilika bila kulinganisha kurasa moja moja kwa macho. Kuchanganya matoleo ni hatari ya kweli. Msimamizi wa ujenzi mwenye toleo la zamani mkononi atamwaga zege kwa vipimo vilivyokwisha kukataliwa, na nguzo ikishasimama haisahihishwi kwa kifutio. Toleo lililoidhinishwa liwe moja, lionekane kuwa ndilo, na yale ya nyuma yafungwe yasiweze kupakuliwa kama halali.

Jambo ambalo programu haiwezi kulifanya

Tunawaambia wateja wetu mapema, ingawa wengine hawapendi kulisikia: kama zimamoto hawaanzi kusoma mpaka mhandisi amalize, na afya hawaanzi mpaka zimamoto wamalize, programu italipitisha faili kwenye foleni ileile. Tofauti ni kwamba sasa kila mtu ataiona foleni. Kuiona kunasaidia, lakini hakuifupishi.

Singapore wana historia ndefu ya kupokea ramani kwa njia ya mtandao, na mwaka 2023 walianza kutumia CORENET X, mfumo wao mpya wa kuwasilisha na kupitia ramani za ujenzi. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba sehemu ngumu ilikuwa kuzifanya taasisi za udhibiti zikubali kupitia mradi kwa pamoja kwenye milango mitatu mikuu, yaani usanifu, kisha nguzo za chini ya ardhi, kisha ujenzi, badala ya kila taasisi kutoa idhini zake kwa wakati wake. Makubaliano ya namna hiyo hayanunuliwi kwa zabuni. Yanahitaji wakuu wa idara wakae meza moja, na sisi tunapendelea wakae kabla muuzaji hajaingia mlangoni, kwa sababu akishaingia mazungumzo yote yanageuka kuwa ya skrini.

Kanuni nazo zinabadilika. Kwa mfano International Building Code, inayotungwa na International Code Council na kufuatwa na miji mingi ya Marekani, inasema kibali kinapoteza nguvu kama kazi haikuanza ndani ya siku 180 tangu kilipotolewa, isipokuwa mwenye nacho ameomba na kuongezewa muda. Mfumo wako uhesabu siku hizo na umtahadharishe mwombaji kabla hazijaisha. Lakini muhimu zaidi, jiulize nani ataibadilisha namba hiyo siku kanuni ikibadilika. Wakati wa maonyesho tunamwomba muuzaji akae pembeni, kisha afisa wa kawaida wa halmashauri abadilishe muda huo mwenyewe mbele yetu. Ikibidi kupigia simu kampuni na kusubiri ankara, jiji limenunua utegemezi.

Maonyesho yenyewe yasifanyike kwa data ya muuzaji. Majina yake yote yamekamilika, viwanja vyake havina mgogoro, maafisa wake hawaendi likizo. Tunapeleka mafaili matatu ya kweli yaliyofutwa majina: moja jepesi, moja lililorudishwa mara mbili, na moja ambalo kiwanja chake kiligawanywa katikati ya safari likawa na namba mbili. Kisha tunasema: afisa wa zimamoto ameondoka leo kwa mwezi mzima, tuonyesheni trei yake inahamiaje. Kimya kinachofuata hapo kinatueleza mengi.

Mkaguzi kiwanjani

Sehemu hii husahauliwa, kwa sababu wanaochagua mfumo huwa wamekaa kwenye chumba chenye intaneti nzuri. Mkaguzi yuko ndani ya shimo la msingi. Nondo zimefungwa, gari la zege limeshawasha injini, na ana dakika chache za kuhesabu nondo, kupima nafasi kati yake na kuangalia kama zimeinuliwa kutoka ardhini inavyotakiwa. Zege likishamwagwa hakuna jicho litakaloziona tena. Picha anayopiga wakati huo ndiyo ushahidi pekee utakaobaki, na kwenye shimo lile simu yake haina mtandao.

Programu ya ukaguzi lazima ifanye kazi bila intaneti: ihifadhi picha pamoja na saa na mahali, ihifadhi uamuzi wa mkaguzi, kisha iyatume yote simu ikipata mawimbi bila yeye kuandika upya. Tunaijaribu kwa kuzima intaneti ya simu na kutoka nje na mkaguzi mwenyewe. Kama anavua glovu kila mara ili abonyeze vitufe vidogo, ataacha kuitumia ndani ya mwezi mmoja na kurudi kwenye karatasi, na hatutamlaumu.

Malipo hayatatusumbua sana hapa. Namba ya malipo itolewe na mfumo, risiti ijiunge na faili yenyewe, mtu asirudi dirishani na karatasi kuthibitisha kuwa alilipa. Na mwombaji asiye na simu janja apate habari zote za hatua kwa ujumbe mfupi wa kawaida.

Mafaili ya zamani yanatisha zaidi kuliko inavyostahili. Idara ya majengo ya New York ilipohama kutoka mfumo wake wa zamani, BIS, kwenda DOB NOW, ilihamisha aina za kazi kwa awamu, na mifumo hiyo miwili ikatumika sambamba kwa miaka. Inachosha kuishi na mifumo miwili, hatukatai. Lakini jiji linalohamisha kila kitu usiku mmoja linaamka na mafaili yaliyokosa nusu ya historia yake. Ushauri wetu ni kuanza na aina moja ya kibali, tena nyepesi kama ukarabati mdogo, na yaliyo katikati ya safari yamalizikie kwenye mfumo wa zamani.

Mkataba nao useme wazi kwamba data ni ya jiji, na kwamba jiji linaweza kuitoa yote siku yoyote bila kuomba ruhusa: kumbukumbu katika majedwali yanayofunguka kwenye programu yoyote, ramani katika PDF/A, muundo uliowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 mahususi kwa nyaraka za kutunzwa muda mrefu. Jengo litasimama miaka hamsini au zaidi. Kampuni ya programu huenda isifike kumi.

Tunaulizwa pia kiasi gani kiwe wazi kwa umma. Chicago inachapisha kwenye tovuti yake ya data orodha ya vibali vya ujenzi tangu 2006, na tunaona ni jambo jema: jirani anayesikia nyundo anaweza kujua kama kazi ina kibali. Mahali, aina ya kazi, tarehe na hatua viwe wazi. Namba ya simu ya mwenye nyumba na mchoro wa ndani unaoonyesha chumba cha kulala na mlango wa nyuma visiwe. Mpaka huo uwekwe kwenye mfumo tangu siku ya kwanza, kwa maana kilichokwisha kusambaa mtandaoni hakirudishwi.

Ukitaka tuje kwenu, hatuhitaji ukumbi wala hotuba za ufunguzi. Tuandalieni mafaili matatu ya kweli, orodha ya maafisa wanaogusa kibali kwa vyeo vyao, na daftari la masijala kama lilivyo, hata likiwa limechanika jalada. Na karani anayeliandika awe na nafasi asubuhi nzima, kwa sababu maswali yetu ya kwanza yote ni yake.